Kufomati, kufutilia mbali na kupiga windo

Anayetaka kuuza au kugawa kompyuta ya zamani huambiwa na fundi kwamba itafomatiwa, naye huondoka akiamini kuwa kila kilichokuwamo kitafutika. Wanaistilahi wamelitafutia neno hilo kitenzi cha Kiswahili, kuumbiza, chenye uhusiano na umba na umbo, na kitenzi hicho kinasema ukweli kuliko imani ya mteja. Kuumbiza ni kuipa diski umbo ambalo mfumo utalitumia kupangia mafaili. Kufuta ni tendo jingine. Tukiyafunika yote mawili kwa neno moja, anayeumia ni mwenye kompyuta.

Ushahidi umo ndani ya diski. Diski ya sahani huweka mafaili mahali pamoja, na mahali pengine huweka orodha inayoonyesha kila faili limelala wapi. Uumbizaji wa haraka huanzisha orodha mpya, tupu, na kuyaacha mafaili yalipokuwa mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kuchana daftari la wapangaji hakumtoi mpangaji hata mmoja chumbani. Ndiyo maana PhotoRec, programu ya bure, huweza kurudisha picha na hati bila kuitegemea orodha: huisoma diski kipande kwa kipande ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Uumbizaji kamili una tabia tofauti, kwani tangu Windows Vista huandika sifuri diski nzima. Kwa hiyo mafundi wawili wanaweza kusema wamefomati, wote wakasema kweli, diski moja ikawa tupu na nyingine ikabaki na nakala za vitambulisho na karatasi za benki. Kwenye SSD, diski isiyo na sahani, mambo ni magumu zaidi. Kidhibiti chake hugawa kazi ya kuandika kati ya seli ili zisichakae upesi, na baadhi ya seli hizo mfumo haufiki. Hata sifuri hazitoi uhakika. Hapo hutumika amri ya kufuta iliyomo ndani ya diski yenyewe au, kama data ilisimbwa tangu mwanzo, ufunguo wake huharibiwa. Mwongozo wa 800-88 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, hutenganisha ngazi tatu: kufuta kwa njia za kawaida, kufuta kiasi kwamba hata maabara haiwezi kurudisha kitu, na kuiangamiza diski. Kwa ngazi ya pili Kiswahili hakina haja ya kukopa. Kufutilia mbali kipo, kinaeleweka na kila mtu, na kufuta kinaweza kubaki kwa tendo la kila siku la kutupa faili.

Kuna atakayesema kwamba mafundi wanaelewana, na kuwaongezea vitenzi ni kuwachosha. Wao kwa wao, sawa, na sioni ubaya kufomati kuendelea kuishi madukani kando ya kuumbiza. Lakini neno hili huvuka meza na kumfikia mteja asiyejua kuna namna ngapi za kufomati. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Zahanati inayouza kompyuta zake kwa mkataba unaosema “kufomati” tu haijaagiza ulinzi wowote unaoweza kupimwa.

Neno la pili linalohitaji kuangaliwa ni kupiga windo, yaani kusakinisha Windows, kama wasemavyo mafundi wengi wa Tanzania. Linapendeza masikioni, lakini limeshamchagulia mteja kabla hajaulizwa. Mfumo endeshi, neno lililoundwa kwa njia ileile iliyotupa kamati tendaji, linaacha nafasi ya kuuliza: mfumo upi? Swali hilo sasa lina uzito. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kijenzi cha usalama, pamoja na prosesa zilizomo katika orodha ya Microsoft, masharti yanayoziacha nje kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018. Nje ya Windows ipo mifumo ya bure ya Linux: Linux Mint, katika toleo lake jepesi la Xfce, inaridhika na RAM ya GB 4. Mashine ya biti 32 ina njia nyembamba zaidi, maana Debian 13, Linux nyingine, haina tena kisakinishi chake, ila antiX, nayo ya Linux, bado inaihudumia. Pingamizi la haki ni kwamba programu nyingi za uhasibu zimeandikwa kwa ajili ya Windows pekee, na LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, haizibi pengo hilo. Mwenye kazi ya namna hiyo ana sababu nzuri ya kubaki alipo. Wengine wanaweza kuwasha Mint kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski, wakaona kama printa na Wi-Fi zinakubali, kisha ndipo wafutilie mbali, waumbize na kusakinisha.