Kufanana au Kueleweka? Historia ya Kigezo cha Matamshi ya Kiingereza na Maana Yake kwa Wazungumzaji wa Kiswahili

Historia ya ufundishaji wa matamshi ya Kiingereza kwa wasio wazawa wa lugha hiyo inazunguka swali moja: mjifunzaji atakiwe kufanana na mzawa, au atakiwe kueleweka? Makala haya yanadai kwamba jibu la swali hilo lilibadilika katika karne ya 20, na kwamba badiliko hilo linamhusu mzungumzaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee.

Mwaka 1886, jijini Paris, Paul Passy na walimu wenzake waliunda chama kilichokuja kuitwa Chama cha Kimataifa cha Fonetiki. Alfabeti ya chama hicho ilimwezesha mjifunzaji kuisoma sauti yenyewe bila kupotoshwa na tahajia ya Kiingereza. Daniel Jones aliitumia katika kamusi yake ya matamshi ya mwaka 1917. Kielelezo chake kilikuwa usemi wa familia za kusini mwa Uingereza ambazo wanaume wake walisomea shule kubwa za bweni za kulipia. Jones alisisitiza kwamba alikuwa anaeleza tu, hamlazimishi mtu. Lakini katika madarasa mengi ya ng'ambo maelezo yake yaligeuka kuwa sheria.

Mwaka 1949 David Abercrombie alipinga mwelekeo huo, akishikilia kwamba wajifunzaji wengi wanahitaji tu matamshi yanayoeleweka bila kumtaabisha msikilizaji. Mwaka 1995 Murray Munro na Tracey Derwing, nchini Kanada, walithibitisha kwamba usemi wenye lafudhi nzito ya kigeni unaweza kueleweka kikamilifu. Mwaka 2000 Jennifer Jenkins alipendekeza kiini cha matamshi kwa mawasiliano ya kimataifa. Alibakisha urefu wa irabu, mifuatano ya konsonanti na mkazo mkuu wa sentensi. Aliondoa vikwamizo vya meno vinavyoandikwa <em>th</em>.

Pendekezo hilo likipimwa kwa fonolojia ya Kiswahili, hitimisho lake linashangaza. Sauti zilizoondolewa ni zile ambazo Kiswahili tayari kinazo, katika <em>thamani</em> na <em>dhahabu</em>, ingawa baadhi ya wazungumzaji huweka /s/ na /z/ mahali pake. Zilizobakishwa ndizo zinazotusumbua. Kwa kuwa Kiswahili kina irabu tano zisizopambanuliwa kwa urefu ndani ya silabi, <em>ship</em> na <em>sheep</em> huelekea kusikika kama neno moja. Mkazo wetu, unaokaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hautuandai kuuhamisha mkazo wa sentensi ili kubainisha taarifa mpya. Kuhusu mifuatano ya konsonanti, maneno <em>kilabu</em> na <em>burashi</em> yanaonyesha desturi yetu ya kuchopeka irabu; na Jenkins anaiona desturi hiyo kuwa na madhara madogo kuliko kudondosha konsonanti.

Kwa hiyo, mwalimu anayetumia vipindi vyake kusahihisha <em>th</em> ya mwanafunzi, huku akipuuza irabu na mkazo, anashughulikia alama ya ugeni na kuacha chanzo cha kutoeleweka. Vivyo hivyo, mtihani wa mazungumzo unaomkata alama mtahiniwa kwa lafudhi yake pekee unapima asili yake, si umilisi wake. Mitaala yetu inapaswa kuanza na uchanganuzi linganishi wa fonolojia hizi mbili, badala ya kuazima orodha za makosa zilizoandaliwa kwa wazungumzaji wa lugha nyingine.