SOMO LA HISTORIA: VITU VYA BENIN VILIVYOTAWANYIKA

Mwalimu wa darasa tafadhali atundike ramani ya Afrika, nanyi mtazame upande wa magharibi, nchi ya Nigeria. Humo mna mji uitwao Benin. Msiuchanganye na nchi ya jirani yenye jina hilo hilo. Huu ni mji wa watu wa Edo, na mfalme wao huitwa Oba.

Zamani mafundi wa mji huo waliyeyusha shaba, wakaimimina katika kalibu, wakapata vichwa vya wafalme, na vibao vyenye sura za watu vilivyopigiliwa katika nguzo za jumba la Oba. Vitu hivyo ndivyo vilivyotunza habari za waliotawala na waliopigana.

Februari 1897 jeshi la Waingereza liliuteka mji. Sababu waliyoitoa ni kwamba mwezi uliotangulia wajumbe wao waliuawa njiani. Mji uliungua. Oba Ovonramwen alipelekwa Calabar, akafia huko mwaka 1914. Na vitu vya jumba lake, maelfu kwa maelfu, vilichukuliwa. Vingine viliuzwa London, vingine askari walikwenda navyo makwao, na majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani yakanunua.

Sasa fikirini, ndugu zangu. Kijana wa Edo wa mwaka 1950, akitaka kuziona kazi hizo kwa wingi, angefanyaje? Ilimpasa apande meli mpaka London, kisha aende Berlin, kisha Vienna. Nauli angeitoa wapi?

Novemba 2022 ilifunguliwa tovuti iitwayo Digital Benin. Tovuti ni kurasa zinazosomwa kwa kompyuta au simu kwa njia ya intaneti. Watu wa Nigeria, Ulaya na Marekani walishirikiana kuyaomba majumba ya makumbusho picha na habari zilizomo katika daftari zao. Tovuti ilipofunguliwa ilikuwa na vitu 5,246 kutoka majumba 131 katika nchi 20. Utaona picha ya kitu, jumba kilimo na, panapojulikana, jina la aliyekiuza. Kiingilio hakuna, ila gharama ya intaneti ni juu yako.

Lililonipendeza mimi zaidi ni majina. Kuna silaha moja pana, kama upepeo wa chuma. Mgeni akiiona ataandika "upanga", basi. Watu wa Edo huiita eben, na machifu huirusha na kuizungusha wakicheza mbele ya Oba kumpa heshima. Katika tovuti hiyo jina la Kiedo limeandikwa, na wazee wa Benin wamerekodiwa wakisimulia.

Je, picha yatosha? La, haitoshi. Lakini huwezi kudai ng'ombe usiyejua yumo zizi gani. Julai 2022 Ujerumani ilikubali kwamba vitu vya Benin ni mali ya Nigeria, na Desemba ikakabidhi 20 mjini Abuja. Mwaka 2025 Uholanzi ilirudisha 119. Jumba la British Museum, lenye vitu zaidi ya 900 vya Benin, linasema sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 inalizuia kuvitoa.

Na sisi wa Afrika Mashariki tusidhani hayo ni ya mbali. Wakenya wenzetu nao walitafuta vitu vyao vilivyo ng'ambo, wakaorodhesha katika kompyuta zaidi ya 32,000, vilivyomo katika majumba 30. Mwaka 2021 walifanya maonyesho Nairobi, na baadhi ya makabati ya vioo waliyaacha matupu makusudi.

Kazi ya wiki hii. Kila mmoja achague chombo kimoja cha zamani nyumbani kwake, kiwe kigoda, kinu au kibuyu. Aandike jina lake kwa lugha ya kwao, nani alikitengeneza, na kilitumiwaje. Asiyejua amwulize mzee. Tutaanza na majibu yenu katika kipindi kijacho. Kwaherini.