Sahani ya Bibi

Nyumbani kwetu Mikese ipo sahani moja ya maua ya buluu. Bibi huelezea kwamba ililetwa na babu yake, mpagazi wa misafara ya Bagamoyo, kabla reli haijafika Morogoro mwaka 1907. Njia ile ilipita hapa hapa. Hata Stanley aliipita mwaka 1871.

Juzi akaja mnunuzi wa vitu vya kale. Eti ni ya Kichina, atatoa hela nzuri. Nikaigeuza kwenye mwanga. Ukingoni maua yalikatika mahali pamoja, hayakukutana. Kumbe hayakuchorwa kwa mkono! Mafundi wa Staffordshire, Uingereza, walichonga picha kwenye bamba la shaba, wakaipiga chapa kwenye karatasi laini, wakaibandika sahanini. Karatasi zisipokutana sawasawa, ua hukatika. Spode alifaulu kuchapa hivyo kwa buluu mwaka 1784, akiwaiga Wachina.

Za Kichina zenyewe zilipamba makaburi ya Kunduchi. Nyingi zimeng'olewa, yamebaki matundu.

Nikamsimulia Bibi yote. Akaifuta kwa khanga, akairudisha kabatini.

“Mwambie mgeni wako,” akasema, “wali wa Idi tutapakulia nini?”