Shamba la matunzo

Shamba la matunzo ni shamba ambapo watu wenye ulemavu wa akili, maradhi ya akili au mahitaji mengine ya pekee hulima pamoja na wahudumu, kazi ikiwa sehemu ya tiba. Afrika si ngeni kwa njia hii: huko Aro, Nigeria, Thomas Adeoye Lambo aliianza mwaka 1954, na Tanzania ilifungua vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili kuanzia 1969, kikiwemo Hombolo, Dodoma.

Chukua mfano wa Carama, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura ulio kwenye tambarare ya Imbo, jirani na Kamenge penye kituo cha tiba ya akili cha Mabruda wa Upendo. Katika shamba la matunzo la mahali kama hapa, lengalenga (mchicha) hufaa kuliko mihogo: huchumwa baada ya wiki tatu au nne, kabla aliyepanda hajakata tamaa. Mhudumu mzuri hatangulizi jembe. Hujua kwanza nani hushtushwa na kelele, nani dawa humsinzisha asubuhi, kisha humkabidhi kila mmoja tuta lake. Mavuno yasiyomfikia mlimaji si tiba, ni unyonyaji.