Drifti: kuserereka au kuserereza?

Kwenye mabanda ya gemu ya Tandika au Mwananyamala, Dar es Salaam, mpira ndio unaotawala runinga. Ile moja iliyobaki na gemu la magari ndiyo yenye kelele kuliko zote, na neno linalosikika hapo kutwa ni drifti. Mtu anapiga drifti, mwingine hajui drifti, wa tatu anadai drifti yake imeharibiwa na pedi mbovu. Maana yake hakuna anayeieleza, na anayejifunza anabaki kugonga kuta.

Drifti ni hivi: gari linaingia kona kwa kasi, dereva anayalazimisha matairi ya nyuma yaachie barabara, kisha gari linakwenda ubavu huku matairi ya mbele yameelekezwa upande ulio kinyume na kona. Mguu wa mafuta ndio unaoamua gari lijikunje kiasi gani. Usukani kazi yake ni kulizuia lisipitilize. Na hali hiyo inashikiliwa mpaka kona iishe. Kuteleza mara moja halafu gari likanyooka, hiyo bado si drifti.

Ukifuata maana ya kawaida ya neno lenyewe katika Kiingereza, utafika baharini: kuchukuliwa na mkondo. Hilo linamfaa mvuvi wa Kunduchi aliyezimikiwa mashine, si dereva. Taarifa za ajali barabarani zina lao tulilolizoea: gari liliserereka, likaacha njia na kupinduka. Kitenzi kizuri, ila hakina mtendaji. Lami imelowa, tairi ni vipara, gari likaserereka lenyewe. Dereva hapo ni abiria mwenye usukani.

Dawa imo ndani ya Kiswahili. Gari linageuka, dereva analigeuza. Vivyo hivyo, gari linaserereka, dereva analiserereza. Herufi moja inahamisha jambo kutoka kwenye ajali hadi kwenye ufundi, na ukimfundisha mtu kwa kitenzi hicho anaelewa haraka kinachotakiwa kwake.

Mtazame anayeanza akishika pedi. Anabana kitufe cha breki ya mkono mpaka mwisho, mafuta hajaachia hata kidogo, gari linazunguka kama pia na kuishia limeangalia lilikotoka. Limeserereka. Aliyekwishaiva anagusa breki ya mkono na kuiachia papo hapo. Nyuma ikianza tu kutoka, kidole gumba kimeshakata usukani kinyume, na mafuta yako nusu, yanaongezwa na kupunguzwa kidogo kidogo. Pagumu zaidi ni pa kutokea: gari linapoanza kunyooka, usukani usiporudishwa kwa wakati linajirusha upande wa pili, na ukuta unakuwa umeshafika. Need for Speed: Underground, gemu la mwaka 2003, lilikuwa na mashindano ya drifti peke yake. Alama zilitokana na kuserereza, si kuwahi kufika, na ukigonga ukuta ulipoteza ulichokuwa unakijenga kwenye kona ile.

Ufundi wenyewe ulikulia Japani. Kunimitsu Takahashi, aliyeanzia mbio za pikipiki, aliutumia kwenye mbio za magari miaka ya 1970. Keiichi Tsuchiya akautangaza kwa video ya mwaka 1987 akiwa kwenye barabara za milimani. Mwaka 1995 ikaanza kuchapishwa katuni ya Initial D na Toyota yake AE86, na gemu zikafuata. Dar es Salaam inaingia hapa kwa mlango wa bandarini, yanakoshukia magari ya Japani. Mark II GX100 inayopita Mbagala imebeba familia ni ndugu wa JZX100 ya turbo, gari la drifti lenye injini ya nguvu za farasi 280. Altezza nayo imo kwenye gemu la Gran Turismo na imo mtaani. Zote zinasukumwa na matairi ya nyuma, ndiyo sababu zinaserereka kwa hiari. (Barabara ya Kilwa si uwanja wa kulithibitisha hilo. Pedi inatosha.)

Nomino ndiyo inayosumbua. Usererezaji ni neno sahihi na zito. Sioni mtoto wa Temeke akilitamka katikati ya kona. Mserereko lina kazi nyingine tayari, kwa kuwa jambo likipita kwa mserereko limepita kirahisi, na hapa hakuna kirahisi. Naona drifti ibaki. Wajapani wenyewe walilichukua kutoka Kiingereza wakalitamka kwao dorifuto, na hawakupungukiwa kitu. BAKITA, iliyoundwa mwaka 1967, ina kazi ya kusanifisha istilahi, lakini mitaa nayo ina kura yake: mwendokasi lilikuwa jina la spidi, na tangu mabasi yaendayo haraka ya DART yaanze mwaka 2016 ukilitaja Dar watu wanafikiria basi. Kwa hiyo drifti kwa mchezo, kuserereza kwa tendo.

Bado kuna hali ya kinyume, ile ya gari kama IST linalovutwa na matairi ya mbele: unakata usukani, pua inakataa, gari linanyoosha kwenda nje ya kona. Mimi ningesema gari limegomea kona. Anayecheza hukimbilia kuongeza usukani, kumbe anatakiwa kupunguza mafuta kwanza mpaka matairi ya mbele yashike.