Barabara ya Thika na Wale Waendao kwa Miguu

Leo tumekusudia kueleza habari za njia itokayo Nairobi kwenda Thika, katika Kaunti ya Kiambu, nchini Kenya. Urefu wake wapata kilometa 50. Si njia ndefu. Lakini yatufundisha jinsi barabara zijengwavyo, na jinsi baadhi ya wapitao wanavyosahauliwa.

Reli kuu ya kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1913 tawi lake likafika Thika. Shabaha yake ilikuwa kuyachukua mazao ya mashamba ya walowezi, yaani kahawa na katani, yapate kufika pwani na kupakiwa melini. Haikujengwa kwa ajili ya mwenyeji. Yeye aliendelea kwenda kwa miguu, mzigo mgongoni.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 watu wengi walihamia mjini na kandokando yake, na mabasi hayakuwatosha. Ndipo zilipozidi zile motokaa ziitwazo matatu, ambazo jina lake, husemwa, latokana na nauli ya zamani ya senti kumi tatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kuchukua abiria bila ya leseni maalum. Zikaenea kila mahali. Hata Githurai mbili zilizo kando ya barabara hii, 44 na 45, zimepata majina kwa namba za mabasi yaendayo huko. Lakini pamoja na wepesi zilileta mauti, hata mwaka 2004 sheria ikazilazimisha kuwa na mikanda na chombo cha kuzuia mwendo usipite kilometa 80 kwa saa.

Mwaka 2009 ilianza kazi kubwa ya kuipanua barabara, kwa fedha za serikali ya Kenya, Benki ya Maendeleo ya Afrika, na benki ya China. Tarehe 9 Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki aliifungua. Penye magari mengi sana kulikuwa na njia nane, ambapo zamani palikuwa na foleni ya saa nyingi. Ruiru na Juja zikasitawi; mashamba ya kahawa yakageuka kuwa nyumba.

Je, mwenda kwa miguu alipata nini? Mtoto aendaye shule ng'ambo ya pili alikabiliwa na magari yendayo mbio kama mshale. Watu wengi waligongwa wakivuka. Ikabidi kuwekwa matuta juu ya barabara iliyojengwa kwa ajili ya mwendo wa kasi, na baadaye madaraja mengine ya juu yakaongezwa. Gharama ya kusahau ililipwa kwa roho za watu kwanza, kisha kwa fedha.

Tena, upana peke yake hauchukui watu. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kiambu ina watu 2,417,735, na magari yaliongezeka hata foleni zikarudi. Kwa sababu hiyo iliundwa mwaka 2017 mamlaka moja ya usafiri kwa kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Barabara ya Thika ilichaguliwa iwe na njia ya mabasi ya mwendo kasi, kama yale yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016. Lakini kazi yake ilikawia.

Kwa Katiba ya mwaka 2010, barabara kuu ni za serikali ya taifa, na usafiri wa umma wa mahali ni wa kaunti. Basi mahali pa kuvukia pasiwe yatima kati ya wazazi wawili. Yatupasa sisi wananchi, kila tuitwapo kwenye baraza la kuelezwa ujenzi mpya, tuulize neno hili kabla ya kusifu upana: mtoto atavukia wapi?