Mishale ya Stoke Mandeville

Tarehe 29 Julai 1948, Mfalme George wa Sita alifungua Michezo ya Olimpiki uwanjani Wembley, London. Siku hiyohiyo, kwenye nyasi za hospitali ya Stoke Mandeville huko Buckinghamshire, majeruhi 16 wa jeshi, wanaume 14 na wanawake wawili, walishindana kulenga shabaha kwa upinde wakiwa kwenye viti vya magurudumu.

Aliyewakusanya ni Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi wa Ujerumani aliyekimbia utawala wa Hitler mwaka 1939. Alipokabidhiwa wodi ya walioumia uti wa mgongo mwaka 1944, mgonjwa wa namna hiyo alihesabiwa kama marehemu: vidonda vya kulala na maambukizi ya njia ya mkojo vilimmaliza, mara nyingi ndani ya miaka miwili. Guttmann aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kisha akawatoa nje wakacheze. Upinde ulifaa hasa, kwani huimarisha mikono na mabega, na aliyeketi huweza kumshinda aliyesimama. Walioletwa kutibiwa wakaanza kutafuta ushindi, na hilo halikuandikwa kwenye cheti chochote cha dawa.

Mwaka 1952 Waholanzi walikuja, mashindano yakawa ya kimataifa.

Mwaka 1960 yalifanyika Roma, na wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23. Makazi yao yalijaa ngazi. Ikabidi askari wa Italia wawabebe. Miongoni mwa wanamichezo hao alikuwamo Margaret Maughan, mwalimu Mwingereza aliyepooza mwaka uliotangulia kwa ajali ya gari huko Nyasaland, Malawi ya leo. Alikwisha kupanda basi la kurudi alipofuatwa na kuambiwa ameshinda dhahabu ya upinde. Mwaka 2012, London, ndiye aliyewasha mwenge wa Paralimpiki, kama michezo hiyo inavyoitwa sasa.

Kenya na Uganda ziliingia kwenye michezo hiyo huko Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1972. Wasioona walikaribishwa Toronto mwaka 1976, na mlango huo ndio aliopitia mkimbiaji Henry Wanyoike wa mji wa Kikuyu, Kenya, aliyepofuka mwaka 1995 baada ya kiharusi. Sydney, mwaka 2000, mwongozaji wake aliishiwa nguvu katika mbio za mita 5,000. Wanyoike akamkokota hadi mwisho na kutwaa dhahabu. Miaka minne baadaye, Athens, akiongozwa na rafiki yake wa utotoni, Joseph Kibunja, alishinda mita 5,000 na 10,000, zote kwa rekodi ya dunia.